Faili lisilo na mwenyewe

Miradi mingi ya JavaScript yenye umri kidogo ina faili moja ambalo hakuna anayetaka kuligusa: `webpack.config.js`, mipangilio ya webpack, zana inayokusanya mafaili ya msimbo kuwa furushi la kupeleka kwenye kivinjari. Aliyeliandika kaondoka kitambo, aliyempokea kaongeza ya kwake pembeni, na sasa limekuwa kama ule waya unaoning'inia kwenye nyumba ya kupanga. Hakuna ajuaye unapeleka umeme wapi, na hakuna wa kuukata.

Mwezi uliopita nilipokea mradi wa namna hiyo: mfumo wa kuagizia bidhaa za duka la jumla, React (maktaba ya kutengenezea kurasa) juu ya webpack 4, mipangilio mistari 214. Zamani ningekimbilia zana mpya na kuihamishia mistari yote kama ilivyo. Nilishawahi, nikaishia na fujo ileile yenye jina jipya. Siku hizi nafuta kwanza. Kila mstari nauuliza umekuja kufanya nini. Nikikosa jibu nauondoa, najenga mradi, nafungua kurasa, kisha nakomiti badiliko hilo peke yake (yaani nalihifadhi kwenye historia ya mradi), ili nikikosea nirudi hatua moja tu.

Nilianza na hii:

`use: ['style-loader', 'css-loader', 'sass-loader']`

Loda za webpack, yaani visaidizi vinavyochakata kila aina ya faili, hufanya kazi kutoka kulia kwenda kushoto. Ya Sass ndiyo inayotangulia, inageuza `.scss`, lugha ya kuandikia mitindo ya ukurasa, kuwa CSS ambayo kivinjari kinaielewa. Ya katikati inafuatilia kila `@import` na kila picha iliyotajwa humo, na ya mwisho inaipachika CSS kwenye ukurasa. Mpangilio ulikuwa sahihi kabisa. Ila nilipoandika `find src -name "*.scss"`, terminali ilinyamaza. Hakuna hata faili moja la Sass! Kila aliyeushusha mradi huu alikuwa anasakinisha vyombo vya mpangaji aliyeshahama.

Ikafuata Babel. Ilipangwa igeuze msimbo wa kisasa kuwa wa kizamani ili Internet Explorer 11 iuelewe, kivinjari ambacho Microsoft yenyewe ilikistaafisha Juni 2022. Wateja wa duka hili wanaagiza kwa Chrome ya simu. Ule msimbo wa ziada ulikuwa unakula bando lao bure.

Na ndani ya `package.json`, faili la orodha ya vifurushi na amri za mradi, nikakuta `NODE_OPTIONS=--openssl-legacy-provider`. Wengi tumeibandika hii bila kuuliza. Webpack 4 hutengeneza alama za mafaili kwa md4, fomula ya kizamani ya kuzalisha alama hizo, na Node 17 (programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari), iliyotoka 2021, ilikuja na OpenSSL 3, maktaba ya usimbaji, iliyoiweka md4 kando. Ndiyo asili ya lile kosa la `ERR_OSSL_EVP_UNSUPPORTED`. Ile amri ni plasta tu, kidonda chenyewe ni webpack kuukuu.

Loda za picha na fonti sikuzihangaikia, kwani webpack 5 na Vite, zana mpya ya kazi hiyohiyo, zote zinaifanya kazi hiyo zenyewe.

Ilipobaki mistari kama sitini ndipo nilipohamia Vite, aliyoianzisha Evan You mwaka 2020. Mipangilio yake ni mifupi kwa sababu inayoeleweka: vivinjari vyote vikubwa vinaelewa `import` na `export` vyenyewe tangu 2018. Unapoandika msimbo, Vite haikusanyi mradi mzima kuwa furushi moja. Kivinjari kinaomba faili, inakipa faili hilo. Kufunga furushi kunasubiri hadi unapojenga toleo la wateja. Mlango wa kuingilia nao ni `index.html` yako mwenyewe, iliyokaa nje ya `src` na kuita `main.jsx`, kwa hiyo hakuna haja ya plagini ya kuitengeneza.

Nisijifanye kila kitu kilienda sawa. Mara ya kwanza nilipoiwasha nilipata ukurasa mweupe, na kwenye konsoli kosa la `process is not defined`. Msimbo ulikuwa unasoma anwani ya seva kupitia `process.env.API_URL`, na kivinjari hakina `process`. Zamani webpack ilikuwa inabadilisha maneno hayo kimyakimya. Kwenye Vite unaandika `import.meta.env.VITE_API_URL`. Kile kiambishi `VITE_` ni cha lazima, kimewekwa makusudi ili usivujishe siri zako kwa bahati mbaya. Chochote utakachokiita hivyo kitafika kwenye simu ya mteja, kwa hiyo nenosiri la hifadhidata lisikaribie hapo. Kingine: mafaili yenye JSX (alama za ukurasa ndani ya JavaScript) yaliyoitwa `.js` ilibidi niyabadilishe majina yawe `.jsx`. Kazi ya kuchosha, haina ujanja.

Faili jipya lina mistari 14. Kuna plagini ya React, kuna njia ya kupeleka maombi ya `/api` kwenye seva ya nyuma wakati wa kazi, kuna `base` kwa kuwa mfumo unakaa kwenye folda ndogo ya tovuti, na kuna kile kifupisho cha `@` kinachosimama badala ya `src`. Hicho cha mwisho ningeweza kukifuta pia, lakini karibu kila faili linakitumia, na mteja hanilipi kuhesabu nukta za `../../`.