Ukikipasua kimondo cha Mbozi, gharama ni yako

Nimelisikia tena Jumamosi, pale Ndolezi, nikiwa na wanafunzi wangu wa kidato cha sita tumekizunguka kimondo, lile bonge la chuma lililoanguka kutoka angani. Baba mmoja aliyekuja na familia akawa anawaelimisha wanawe kwa sauti ya uhakika: "Hicho chuma mnachokiona, ukipasua atomu yake moja tu, kuanzia hapa mpaka Mbeya mjini hapabaki kitu." Wanafunzi wakanigeukia. Nikasema, "Samahani mzee, hiyo siyo." Akanijibu kwa upole unaoudhi kuliko matusi: "Mwalimu, atomu ni atomu."

Hapana. Atomu si atomu. Imani hiyo nakutana nayo saluni, nakutana nayo kwenye Coaster ya Tunduma, na baya zaidi nakutana nayo kwenye karatasi za mtihani: "Nishati hutoka kwa sababu kiini kimepasuliwa." Nimeikata alama mpaka kalamu nyekundu imenichoka.

La "atomu moja" nilimalize haraka. Atomu moja ya urani-235 ikipasuka hutoa takriban MeV 200 (MeV ni kipimo kidogo mno cha nishati). Njiti ya kiberiti ikiungua yote hutoa kama jouli 1,000, na ili uifikie njiti hiyo unahitaji atomu trilioni 30 hivi za urani, zipasuke zote. Nguvu iko kwenye wingi. Kilo moja ya urani-235 ikipasuka yote ni sawa na kuchoma tani 3,000 hivi za makaa ya mawe, yaani malori 100 ya tani 30 yakitoka Kiwira. Atomu moja haiwezi hata kumshtua sisimizi.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Kuzitawanya moja moja protoni na nyutroni zilizoshikana ndani ya kiini cha atomu hakutoi nishati, kunagharimu. Siku zote. "Nishati ya kufungamana" ni jina lililotuletea balaa, maana mwanafunzi akilisikia anaona gesi iliyoshindiliwa kwenye mtungi, ukifungua inatoka fwaa. Ni kinyume chake. Ni deni: ndicho kiasi unachopaswa kulipa ukitaka kuzitawanya protoni na nyutroni zote za kiini. Kiini chenye nishati kubwa ya kufungamana ni kile ambacho kimeshaitoa nishati, kimebaki kimekazana. Na kama kupasua kungetoa na kuunganisha kungetoa, si tungechukua atomu zilezile tuzipasue asubuhi, tuziunganishe jioni, na luku isinunuliwe tena nchi hii?

Darasani huwa natumia barabara yetu ya TANZAM. Lori likitoka Makambako kuja Mbeya linateremka mpaka Chimala, uwanda wa Usangu. Lori likitoka Uyole kwenda Makambako nalo linateremka, kwa Inyala, mpaka Chimala hukohuko. Yote mawili yanafika breki zikinuka. Hakuna dereva atakayekwambia joto la breki linatokana na kuelekea mashariki au magharibi. Limetokana na kushuka. Urani iko Makambako: viini vizito, vikipasuka vinashuka. Haidrojeni iko Uyole: viini vyepesi, vikiungana vinashuka, na upande huo mteremko ni mkali zaidi. Chuma kiko Chimala, chini kabisa, ambako viini vimekazana zaidi. Ukitoka Chimala, uende kulia au kushoto, ni kupanda tu, na mafuta unanunua mwenyewe.

Kwa tarakimu: kila protoni au nyutroni ndani ya urani imefungwa kwa MeV 7.6 hivi. Ndani ya vipande vinavyobaki baada ya mpasuko ni kama 8.5. Tofauti ya 0.9 zidisha mara 235, unapata zile 200. Na kinachovirusha vipande hivyo ni umeme wa kawaida kabisa, protoni zikifukuzana, jambo ambalo vitabu hulipita mbio. Karibu MeV 170 huondoka kama mwendo wa vipande viwili. Wanafizikia Lise Meitner na Otto Frisch walipiga hesabu hiyo Desemba 1938 huko Sweden, wakiwa matembezini kwenye theluji.

Upande wa kuungana nitapita upesi: deuteri na triti, aina mbili nzito za haidrojeni, zikiungana hutoa MeV 17.6, lakini kwanza uzilazimishe zikaribiane ilhali zinafukuzana, na ndiyo maana kazi hiyo inataka joto la nyuzi zaidi ya milioni 100.

Waliosoma kidogo zaidi huja na E=mc², kanuni ya Einstein inayohusisha nishati na tungamo: "protoni zimegeuka nishati." Haya, tuhesabu vichwa. Urani-235 imemeza nyutroni moja: protoni 92, nyutroni 144. Mpasuko mmojawapo huacha bariamu-141, kriptoni-92 na nyutroni tatu. Protoni 56 na 36, ni 92. Nyutroni 85, 56 na 3, ni 144. Msiba haupo, wote wamehamia nyumba mbili ndogo. Ila jumla ya tungamo imepungua kama sehemu moja katika elfu, na pungufu hilo limeondoka pamoja na joto. Ungelifungia tukio zima kwenye sanduku lisilopitisha chochote, mizani isingesogea. Hata kilo ya makaa ya Kiwira ikiungua, majivu na gesi zikishapoa, kilichopungua ni kama mikrogramu 0.3. E=mc² iko jikoni kwako pia, mizani ya dukani ndiyo haiioni. Nakiri: mimi mwenyewe nilifundisha "tungamo hugeuka nishati" kwa miaka, na kipindi kikinibana bado hunitoka mdomoni.

Na nakiri jingine. Kwa nini bonde hili la nishati lina umbo lile? Tuna kanuni ya mwanafizikia Weizsäcker ya mwaka 1935, ya kukadiria nishati ya kufungamana, inafanya kazi vizuri, lakini namba zake zilipatikana kwa kulinganisha na vipimo. Nguvu ya nyuklia yenyewe haina kanuni fupi ya kuandika ubaoni kama ile ya mvutano. Hata Chimala si chuma hasa: kiini kilichokazana kuliko vyote ni nikeli-62, chuma-58 na chuma-56 vinafuata kwa karibu. Kimondo kina chuma na nikeli, chuma asilimia 90 hivi na nikeli sehemu kubwa ya iliyobaki.

Haya yote nilijaribu kumweleza yule mzee kwa dakika tano, juani. Nikamwambia chuma-56 ukikipasua kuwa alumini mbili unalipa MeV 27 hivi kwa kila atomu. Kwamba nyota kubwa huunganisha viini hatua kwa hatua, na ikifika kwenye chuma hakuna tena cha kuchoma. Aliendelea kukigonga kimondo kwa kifundo cha kidole, akitikisa kichwa.

Mwanawe, wa darasa la sita hivi, ndiye aliyeuliza: "Kwa hiyo mwalimu, hili ni jivu?"

Nikawageukia kidato cha sita. Wote walikuwa wanaangalia viatu vyao.