Konyeza wa Ziwa Tanganyika: yanayosemwa Kigoma na ukweli wake

Mtu wa pwani akiambiwa Ziwa Tanganyika lina konyeza, kwanza hucheka. Konyeza wa baharini atafikaje Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Dar es Salaam? Lakini wapo: vijidude vyenye upana wa kama sentimita 2, mwili unaopitisha mwanga, pindo lote limezungukwa na minyiri myembamba kama nyuzi.

"Wapo kwa sababu ziwa hili zamani lilikuwa bahari."

Hili utalisikia Ujiji, na asili yake ni kwa wasomi. Mjerumani Richard Böhm aliwaona konyeza hawa mwaka 1883, na mwaka 1893 Mwingereza R. T. Günther akawaeleza kisayansi. Kisha akaja J. E. S. Moore na misafara yake ya 1896 na 1899. Alipokuta na konokono wenye magamba mazito, mengine yana miiba, akaamua kwamba ziwa ni masalia ya bahari ya kale. Tusimcheke. Baadhi ya magamba hayo ukiyatupa ufukweni Bagamoyo, hakuna atakayegeuka kuyatazama mara mbili.

Hata hivyo alikosea. Ziwa lilizaliwa ardhi ilipopasuka na kudidimia katika Bonde la Ufa, miaka kama milioni 9 hadi 12 iliyopita. Konokono walipata magamba mazito humuhumu ziwani, kwa kuwa kaa wa huku wana magando ya kuvunjia: mwenye gamba jepesi aliliwa, mwenye gamba gumu akabaki kuzaa. Na konyeza wa ukoo huohuo wapo Ziwa Victoria, ambalo lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita na kujaa upya. Hilo nalo ni masalia ya bahari gani? Wengine wa ukoo huo wako India, kwenye maji baridi (yasiyo ya chumvi) vilevile.

Ukitaka mwenye asili ya bahari kweli, mtafute kwenye sahani. Dagaa wa Kigoma ni wa jamii ya sardini, na mababu zake waliingia kwenye mito ya Afrika kutoka baharini upande wa magharibi, mamilioni ya miaka iliyopita.

"Basi maji yatakuwa na chumvi."

Lita moja ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi. Ya Tanganyika haifiki gramu 1.

"Yale mawe yenye ukoko wa chokaa ni matumbawe."

Matumbawe hayaishi kwenye maji baridi; ukiyataka nenda Mafia au Unguja. Hujengwa na wanyama wadogo, ndugu wa konyeza, kila mmoja akijitengenezea kikombe chake cha chokaa. Tanganyika kuna mawe ya chokaa yanayokua tabaka juu ya tabaka, ila mafundi wake ni bakteria. Ukilivunja hukuti vile vitundu vya nyota vinavyoonekana kwenye tumbawe.

"Ni povu tu, hana uhai."

Ubongo hana, moyo hana, damu hana. Mdomo anao, na anakula wadudu wadogo wa majini. Tena vikonyeza vichanga huchipuka pembezoni mwa mdomo huohuo, vikakatika na kwenda zao. Nadhani hicho ndicho kituko chake kikubwa kuliko vyote.

"Ukioga ziwani ukawashwa, ni yeye."

Wa baharini wapo wanaochoma vibaya, hata aliyekufa mchangani usimshike. Huyu wa ziwani ana seli za kuchomea pia, lakini ni za kulemaza mawindo madogo na hazimdhuru binadamu. Muwasho wa baada ya kuoga una mshukiwa mwingine: vimelea vya kichocho, ambavyo hutoka kwa konokono wa kandokando ya maji na kupenya ngozi. Kumsingizia konyeza kunamfanya mtu apake mafuta na kulala, wakati angepaswa kwenda zahanati kupima choo na mkojo. Kichocho kinatibika kwa vidonge vya praziquantel.