Boneti nyepesi yenye matundu: ni nini na inafanya kazi gani

Boneti ya namna hii imebadilishwa au kutengenezwa upya kwa sababu mbili: gari lipungue uzito mbele, na joto la injini lipate pa kutokea. Kwenye magari ya mashindano mambo hayo huja pamoja. Kwa gari la kila siku, la joto ndilo lenye faida ya kweli, na ndilo watu wengi wanalikosea.

Uzito kwanza, maana hauna maneno mengi. Boneti ya bati la chuma kwenye gari dogo la saluni ina kilo 15 hadi 20 hivi. Ya alumini huwa karibu nusu ya hapo. Alumini ni nyepesi mara tatu kuliko chuma, ila bati lake lazima liwe nene zaidi ili lisibonyee. Nissan walitumia alumini kwa boneti na fenda za mbele za Skyline GT-R R32 ya mwaka 1989, na mwaka 2000 toleo la baadaye la gari hilo, R34 V-Spec II, likatoka na boneti ya kaboni, yaani nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Kaboni ya kweli ni nyepesi hata kuliko alumini. Lakini boneti nyingi za bei rahisi zinazoitwa za kaboni ni faiba ya kawaida iliyofunikwa tabaka moja la kaboni juu, na nyingine hazipishani sana na chuma. Omba ipimwe kwenye mizani kabla hujalipa.

Sasa matundu. Hewa huingia kwenye grili, hupita katika rejeta na kupata moto, kisha lazima itoke. Kwa kawaida hutokea chini ya gari. Ikikwama, hewa baridi nayo haiingii vizuri na injini inazidi kuchemka. Tundu kwenye boneti huifungulia njia ya pili, mradi liwe mahali pake.

Gari linapokwenda kasi, hewa haikandamizi boneti sawasawa. Nyuma kidogo ya ukingo wa mbele mgandamizo ni mdogo, kwa hiyo tundu la hapo hunyonya joto na kulitoa nje. Karibu na kioo cha mbele hewa hugonga na kurundikana, mgandamizo unakuwa mkubwa. Ndiyo maana viwanda huweka hapo njia ya hewa safi ya abiria. Ukitoboa pale, kwenye mwendo mkubwa hewa itaingia badala ya kutoka. Ni hivyohivyo kwa wanaoinua boneti kwa nyuma kwa kuweka washa (vile vipete vya chuma vya kwenye bolti) kwenye bawaba. Kwenye foleni joto linatoka kweli, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Ukishika barabara kuu mambo yanageuka, na harufu ya oili ya injini inaweza kuvutwa hadi ndani kwa abiria.

Tundu la kutoa hewa si sawa na mdomo wa kuingiza. Ule mdomo wa Subaru Impreza WRX unatazama mbele kwa sababu unailisha hewa intakula, yaani kipoza hewa ambayo tabo inaisukuma kwenye injini, na ya WRX imekaa juu ya injini. Lancer Evolution IX intakula yake iko nyuma ya bampa, kwa hiyo tundu la boneti yake ni la kutolea joto. Kufunga mdomo wa WRX ulio wazi kwenye Impreza isiyo na tabo ni kuongeza hewa mahali ambapo tunataka ipungue. Naona ni hasara tupu.

Kama unakata boneti yako mwenyewe, mwambie fundi bodi akate bati la juu katikati ya mbavu za fremu iliyo chini yake na asiguse mbavu zenyewe. Fremu hiyo ndiyo inayoishikilia boneti isitetemeke, na imetengenezwa ijikunje katika ajali badala ya kusukumwa nzima hadi kwenye kioo. Boneti ya faiba nayo isitegemee loki peke yake. Sehemu ya loki ikipasuka ukiwa kasi, boneti inafunuka na huoni barabara. Weka pini mbili za mbele, usisafiri bila hizo.

Mwisho ni maji. Angalia kilicho chini ya tundu kabla msumeno haujagusa bati: ikiwa ni altaneta, koili au boksi la fyuzi, sogeza tundu au funga trei ndogo ya kuyapeleka maji pembeni. Na wanaoosha gari kwa mashine ya presha waambie mapema wasielekeze bomba hapo.