Maharagwe ya kesho yaive leo: kupika polepole na kwa mafuta kidogo

Akina mama na akina baba wanaokuja kwangu kliniki hapa Kisumu wanajua chakula bora. Muulize yeyote, atakutajia mboga za kienyeji, maharagwe, samaki wa mchuzi. Kisha muulize alichopika jana. Chapati na mayai, atasema, au sukuma wiki iliyokaangwa na mlima wa ugali, kwa sababu alishuka matatu Kondele saa moja usiku, watoto walikuwa wameshaanza kusinzia, na maharagwe yanataka saa tatu jikoni.

Mimi ni mtaalamu wa lishe, na kwa maoni yangu kalori nyingi za chakula chetu cha jioni zinatokana na haraka. Mafuta hupata moto kuliko maji, huivisha upesi na hutia ladha upesi, kwa hiyo nyumba isiyo na muda hukaanga. Ndiyo maana mtu akiniomba ushauri wa kupunguza uzito, simpi kwanza orodha ya vyakula vya kuacha. Nataka kujua chakula chake cha jioni kinaanza kupikwa saa ngapi.

Tufanye hesabu kidogo. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Gramu moja ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120. Anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa humaliza vijiko vinne au vitano kabla kitunguu hakijaanza kulia, na hapo sufuria ina kalori karibu 500 au 600 ambazo hazijamshibisha mtu. Haidhuru ni mafuta ya alizeti, ya mahindi au ya mgando, kwa upande wa kalori hayatofautiani sana. Pima kwa kijiko. Kijiko kimoja kinatosha sufuria ya watu watano ikiwa chakula kitapata muda wa kutoa ladha yake chenyewe, na muda huo ndio ninaotaka tuutafute.

Kifaa ninachokipenda zaidi ni kikapu cha kupikia bila moto. Vikundi vingi vya akina mama huku Nyanza na Magharibi wanakijua, na kukitengeneza si kazi ngumu. Tafuta kikapu imara kinachoizidi sufuria yako kwa upana wa kiganja kila upande. Kizungushie ndani blanketi kuukuu, pamba au matambara makavu yaliyoshindiliwa, ukiacha shimo la kuketisha sufuria, kisha funika yote kwa kitambaa safi ili kijazio kisimwagike. Shona na mto mnene wa kufunika juu. Chakula kikishachemka vizuri, unakitoa motoni na kukizika humo, na joto ambalo lingepotea hewani linabaki kuivisha.

Kikapu kina masharti yake. Sufuria ijae angalau theluthi mbili, kwa sababu chakula kidogo hupoa haraka. Ichemke kwa nguvu, mfuniko ukiwa umebana, na uihamishe hapo hapo bila kusimama kupiga gumzo. Tia maji pungufu kuliko kawaida, maana humo ndani mvuke hautoki. Na usifunue kuchungulia! Wali unataka kuchemka dakika 5 hivi na kukaa kikapuni kama saa moja. Ndengu hazihitaji hata kulowekwa: zichemshe dakika 15, uzizike saa mbili.

Maharagwe nitayaeleza kwa urefu, kwa sababu ndiyo yenye faida kubwa na ndiyo yenye hatari. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara, na joto dogo haliiondoi. Ukiyatia mabichi kwenye kikapu, au kwenye ile sufuria ya umeme inayopika polepole, yanaweza kulainika huku sumu ikiwa bado imo. Kwa hiyo loweka kwa saa tano au zaidi, mwaga maji yote, tia maji mapya, kisha chemsha kwa kububujika kwa dakika 30 kamili. Baada ya hapo ndipo joto la polepole linaruhusiwa. Maji ya kulowekea ukiyamwaga, hata gesi tumboni hupungua, na watoto wanaolalamikia githeri watakushukuru.

Sasa saa zinakaa hivi. Asubuhi ukitoka kwenda kazini, acha maharagwe yamelowekwa. Ukirudi, yabandike kwenye moto wa kwanza huku chakula cha siku hiyo kikipashwa kwenye moto wa pili. Baada ya nusu saa yanaingia kikapuni, na yanaendelea kuiva mnapokula, mnapoangalia kazi za shule, mnapoosha vyombo. Kabla ya kulala, saa nne hivi, yatoe, yachemshe tena dakika chache, yapoze, uyaweke kwenye friji. Kesho jioni kazi iliyobaki ni kuunga. Mimi sishauri kuyaacha kikapuni usiku kucha au kutwa nzima. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kukaa juu ya nyuzi 60 au chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo bakteria huzaana, na kikapu hakiwezi kushika joto la kutosha kwa saa kumi.

Nyanya na ndimu zitie mwishoni, maharagwe yakishalainika. Uchachu huyafanya yagome. Magadi yanalainisha haraka, kweli, lakini yanaharibu vitamini B1, na mwenye kikapu hana sababu ya kuyatumia. Angalia pia umri wa maharagwe unayonunua. Yaliyokaa gunia kwa muda mrefu kwenye joto kama letu hapa Kisumu huwa magumu kiasi kwamba hata kuni za siku nzima hazisaidii. Ukienda Kibuye Jumapili, muulize muuzaji yamevunwa lini, na chagua yenye rangi ing'aayo badala ya yaliyofifia. Ndugu zetu wa Nakuru wawe na subira zaidi: mji wao uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemkia takriban nyuzi 94, ilhali Kisumu, iliyo mita 1,130 hivi, huchemkia karibu 96. Nyuzi mbili hizo zinaonekana ndogo, lakini kwa maharagwe zinaongeza dakika za kutosha. Nakuru chemsha dakika 40 kabla ya kikapu.

Kuku wa kienyeji naye anafaa sana njia hii. Nyama yake ni ngumu kwa sababu ametembea, ana nyuzi nyingi za kuunganisha misuli, na hizo huyeyuka polepole kwenye joto lenye unyevu na kuufanya mchuzi uwe mzito bila unga wala mafuta. Mkate vipande, mvue ngozi (najua nyumba nyingi za Kakamega na Vihiga zitanilaumu kwa hili), mweke sufuriani na kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu na nyanya mbili. Usitie mafuta hata tone. Atatoa yake. Achemke polepole hadi nyama iachane na mfupa. Ukiulaza mchuzi kwenye friji usiku, asubuhi utakuta mafuta yameganda juu kama kifuniko cheupe au cha manjano. Yachote kwa kijiko ukihesabu: kila kijiko kikubwa unachotoa ni zaidi ya kalori 100 zilizoondoka, na utamu wa mchuzi umebaki chini. Nyama ya muundi wa ng'ombe ipike vivyo hivyo. Ni ya bei nafuu kuliko steki, na kwa njia hii huishinda.

Kwa mboga, mababu zetu walishatangulia. Mnavu, saga na majani ya kunde, yaani osuga, dek na bo kwa wasomaji wangu Wajaluo, hupikwa kwenye chungu, huongezwa maziwa, hurudishwa motoni tena, na uchungu unapungua kila mara. Hakuna anayehitaji mafuta hapo. Tumia maziwa ya kawaida badala ya malai. Vitamini C hupotea kwa kupika muda mrefu, lakini kalsiamu na madini ya chuma hubaki mradi humwagi maji. Basi weka kachumbari ya nyanya na hoho yenye ndimu pembeni. Vitamini C yake itausaidia mwili kufyonza chuma cha mboga na maharagwe.

Samaki asipikwe polepole. Mbuta na ngege huiva kwa dakika 15 kwenye mchuzi wa nyanya, na hiyo ni haraka kuliko kumkaanga na kusafisha jiko. Omena ioshwe kwa maji moto, ikaushwe kwenye sufuria kavu, kisha iingie kwenye nyanya na vitunguu.

Mwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole anaweza kuiacha ikifanya kazi mchana kutwa. Nyingi za ukubwa wa familia hutumia wati 200 hadi 300, kwa hiyo saa nane zinakula kama uniti mbili za tokeni. Ijaze nusu hadi theluthi mbili, nyama iwe imeyeyuka barafu kabisa kabla ya kuingia, na kumbuka maharagwe mekundu lazima yachemshwe pembeni kwanza. Kila ukifunua mfuniko unaongeza karibu nusu saa. Shida yetu ni stima. Ukirudi ukakuta ilipotea na hujui kwa muda gani, chakula kikiwa vuguvugu, kimwage. Inauma, hasa kikiwa na nyama, lakini kukichemsha tena hakuondoi sumu zote ambazo bakteria wameshaacha.

Kwenye sahani, nusu iwe mboga, robo iwe maharagwe, samaki au nyama, na robo iwe ugali, wali au kiazi kitamu. Ugali wenyewe sina ugomvi nao. Ninachoomba ni ukubwa wa ngumi ya mlaji, kisha mboga iongezwe badala ya ugali kuongezwa.

Haya yote ni kwa watu wazima na watoto wakubwa. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipunguziwe mafuta: tumbo lake ni dogo na ubongo wake unakua. Mpakulie kutoka sufuria ile ile, kisha ponda maharagwe yake na kipande cha parachichi au kijiko cha karanga zilizosagwa laini. Mama mjamzito na anayenyonyesha pia si wakati wao wa kubana kalori. Na mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge aongee na kliniki yake kabla ya kupunguza chakula, maana dawa ile ile kwenye chakula kidogo inaweza kuishusha sukari kupita kiasi.

Kuhusu viporo: katika joto la Kisumu, githeri iliyoachwa mezani kwa saa mbili imeshapita muda wake. Igawanye kwenye vyombo vifupi ili ipoe haraka, iingie kwenye friji, na iliwe ndani ya siku tatu, ikipashwa hadi ichemke. Asiye na friji apike ya jioni moja tu: aloweke usiku, achemshe alfajiri, na aliyebaki nyumbani aizike kikapuni, aitoe adhuhuri na kuiweka tena motoni ichemke kabla ya kuirudisha.