Mjane atapata ngapi? Michango ya familia za polisi na wazimamoto Marekani

Simu iliingia jioni nikikaanga vitunguu. Mwanamume wa sauti nzito, ya kiaskari hasa, akaniita kwa jina la kwanza na kunieleza kuwa anachangisha kwa ajili ya watoto wa polisi waliouawa kazini. Nikamuuliza swali ambalo kwetu mtu yeyote humuuliza mshika daftari la msiba bila kuonekana mkorofi: katika dola 25 nitakazotoa, mjane atapata ngapi? Akacheka kidogo, kisha akaendelea na maneno yake. Nikarudia swali. Akacheka tena, kicheko kilekile, kikakatikia palepale.

Tangu hapo nimebishana sana na ndugu zangu tunaoishi nao huku Marekani. Wapo wanaompa kila anayepiga, wapo walioapa kutotoa hata senti. Pande zote mbili zina dhana zao.

"Aliyepiga ni polisi, na hela inakwenda kwa wajane"

Mara nyingi aliyepiga hajawahi kuvaa hata kofia ya polisi. Ni mfanyakazi wa kampuni ya kuchangisha, iliyokodiwa na kikundi chenye jina la kugusa moyo, na kampuni hukata chake kwanza. Mwaka 2021 FTC, tume ya serikali kuu inayolinda wateja, pamoja na mamlaka za majimbo mengi, waliibana kampuni moja ya Michigan iliyokuwa imepiga simu bilioni 1.3 kwa watu milioni 67 na kukusanya zaidi ya dola milioni 110. Watu waliambiwa wanawasaidia wanajeshi wastaafu wasio na makazi, wagonjwa wa saratani ya matiti, familia zilizounguliwa nyumba. Katika kila dola, wachangishaji walibaki na hadi senti 90.

Kilichonifungua macho ni namna simu hizo zinavyopigwa. Mtu anakaa mbele ya kompyuta yenye vitufe vya sauti zilizorekodiwa: hiki cha salamu, hiki cha shukrani, kile cha kicheko. Wewe unaongea, yeye anabonyeza. Basi yule wangu wa vitunguu huenda hakuwa mkaidi; labda kitufe cha swali langu hakikuwepo.

Shemeji yangu akasema senti 90 haziwezekani, lazima sheria inakataza. Haikatazi. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotoka North Carolina, iliamua kuwa jimbo haliwezi kuweka kikomo cha asilimia anayochukua mchangishaji wa kulipwa, kwa sababu kuomba mchango kunalindwa kama uhuru wa kusema. Mwaka 2003, katika kesi ya Illinois, mahakama hiyohiyo ikaongeza jambo: kukata kikubwa peke yake si kosa, lakini kumdanganya mtoaji juu ya hela yake inakokwenda ni ulaghai, na jimbo linaweza kushtaki. Ndiyo maana "ngapi?" ni swali lenye meno. Akijibu uongo, amejifunga mwenyewe.

Halafu kuna majina. Chama cha wafanyakazi cha polisi si taasisi ya hisani, na ukikichangia huwezi kudai nafuu ya kodi kama mtoa sadaka. Kamati za kisiasa nazo hujipa majina ya polisi na wazimamoto. Kuwa na neno "polisi" kwenye jina hakumfanyi mtu kuwa mlezi wa yatima.

"Ukichangia unapewa kibandiko, na kibandiko kinakusaidia barabarani"

Shangazi alikibandika kwenye kioo cha gari lake. Mwezi uliofuata alipigwa faini ya mwendo kasi kama kawaida.

"Serikali inawalipa, mchango wa nini?"

Hii ndiyo hoja ya wasiotoa, na nusu yake ni kweli. Tangu 1976 kuna sheria ya serikali kuu inayompa fidia mjane au watoto wa polisi na mzimamoto aliyekufa kazini. Ilianza na dola 50,000; kwa waliokufa kuanzia Oktoba 2024 ilifika dola 448,575. Si fedha ya kubeza. Lakini faili lina safari: cheti cha kifo, ripoti ya uchunguzi, barua ya mwajiri, na madai magumu hupita mwaka bila uamuzi. Benki yenye mkopo wa nyumba haisubiri uamuzi huo. Kingine, karibu theluthi mbili ya wazimamoto wa Marekani ni wa kujitolea. Sheria hiyo inawahusu pia, ila kituo chenyewe hakikuwa kikiwalipa mshahara.

Pengo hilo ndilo William Packer, muuza magari wa Detroit, alilolikuta mwaka 1952 baada ya polisi kijana wa mji wake kuuawa. Aliwaandikia marafiki 100 akiwaomba mchango, wakaitikia, deni la nyumba ya mjane likalipwa. Mtindo huo wa "klabu ya mia" ukaenea miji mingine, na mpaka leo zipo zinazompelekea mjane hundi siku za mwanzo tu za msiba. Kwetu tungeiita rambirambi.

Wapo pia wanaobeba mkopo mzima. Septemba 11, 2001, mzimamoto Stephen Siller wa Brooklyn alikuwa amemaliza zamu. Aliposikia kuwa minara pacha ya New York imeshambuliwa aligeuza gari, akakuta njia ya chini ya maji ya kuingilia Manhattan imefungwa, akabeba vifaa vyake mgongoni na kukimbia kwa miguu hadi kwenye minara. Hakurudi; aliacha mke na watoto watano. Ndugu zake walianzisha taasisi ya Tunnel to Towers, ambayo hulipa mikopo ya nyumba za familia zenye watoto wadogo.

"Kufa kazini ni risasi au moto"

Kwa wazimamoto, muuaji mkubwa kazini kwa miaka mingi ni moyo. Mpaka 2003 familia ya aliyeanguka kwa mshtuko wa moyo baada ya tukio ilikuwa na kibarua kizito cha kuthibitisha. Sheria ya mwaka huo ikasema ukitokea ndani ya saa 24 tangu kazi nzito au ya hatari, kwa kawaida unahesabika. Waliojiua kutokana na yale waliyoyaona kazini walisubiri hadi 2022 ndipo sheria ikaanza kuwahesabu. Na New York, watu 343 wa idara ya zimamoto walikufa siku ile ya minara. Kufikia Septemba 2023, wenzao waliokufa baadaye kwa maradhi ya vumbi la minara hiyo nao walikuwa wametimia 343. Misiba hiyo ya hospitalini haitangazwi sana, na wachangishaji wa simu hawaitaji.

"Huwezi kujua hela ilikokwenda"

Unaweza, bila kumuuliza mtu. Taasisi za hisani, isipokuwa makanisa na zile ndogo sana, hujaza kila mwaka Fomu 990 ya mamlaka ya kodi, na fomu hiyo ni ya wazi kwa kila mtu, bure, kwenye mtandao. Ni daftari la msiba, ila limechapwa.

Nilimfungulia shangazi fomu ya kikundi kilichompa kibandiko. Akavaa miwani, akawa anashuka na kidole mstari kwa mstari kama anavyosoma majina ya waliochangia. "Na hawa wa simu wameandikwa wapi?" Nikampeleka kwenye Jedwali G, panapoandikwa jina la mchangishaji, alichokusanya, alichobaki nacho, na kilichofika. Alizisoma safu zote mbili za mwisho, akarudia. Kisha akaomba kisu, akatoka kwenda kwenye gari.