Gari halisikii rimoti? Anzia kwenye betri

Juzi mama mmoja alikuja gereji kwangu na gari limevutwa. Milango haisikii rimoti, kitufe cha kuwashia hakijibu, na fundi wa kwanza alishamwambia kompyuta ya gari imekufa. "Mama, nipe kwanza hiyo rimoti," nikamwambia. Nikaifungua, nikapima betri kwa mita: volti 2.4. Mpya husoma 3 na pointi kidogo. Iliniuma, maana alishaanza kukopa hela ya kompyuta.

Ukigusa kitasa, antena ya mlangoni huiita rimoti kwa masafa ya chini, kilohezi 125 au 134, na mwito huo haufiki mbali zaidi ya mita moja hivi. Rimoti ikiusikia hujibu kwa redio: karibu megahezi 315 kwa gari nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani, 433 kwa za Ulaya. Betri ikichoka, jibu halifiki.

Kwa hiyo jaribu rimoti ya akiba kabla ya yote. Ikifanya kazi, gari ni zima. Zote mbili zikigoma, pima betri kubwa ya gari. Kama ni mlango mmoja tu unaokataa, usiguse rimoti. Kagua kitasa cha mlango huo, na nyaya zinazopita kwenye mpira karibu na bawaba, maana hukatika humo kwa kukunjwa kila siku. Na kama umeegesha chini ya mnara wa redio, mawimbi yake yanaweza kuivuruga rimoti.

Yule mama hakuhitaji hata kuvutwa. Ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma wa kufungulia mlango wa dereva. Alamu inaweza kulia, usishtuke. Kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, kisha bonyeza. Katika gari nyingi chipu ya ndani husomwa hivyo hata betri ikiwa imekufa kabisa.

Betri yake ilikuwa CR2032, yaani kipenyo milimita 20, unene 3.2. Usiweke CR2025 eti kwa sababu tu inaingia. Ni nyembamba, inacheza. Hata ile mpya niliyoweka ilikataa mwanzoni. Nikatazama kwa tochi: kibati cha kugusia betri kilikuwa kimelala, kina kutu ya kijani. Nikakisugua, nikakiinua taratibu kwa ncha ya sindano. Taa nyekundu ya rimoti ikawaka, milango ikafunguka.