Asilimia ya programu si ushahidi dhidi ya mwanafunzi

Katika mjadala wa wanafunzi kuhusu akili mnemba uliofanyika chuoni kwetu hivi karibuni, wanajopo walitofautiana karibu katika kila jambo, lakini wao na ukumbi mzima waliafikiana juu ya jambo moja ambalo si kweli: kwamba ipo programu inayoweza kutambua kwa uhakika iwapo kazi imeandikwa na mwanafunzi au na mashine. Aliyetaka ChatGPT ipigwe marufuku aliitegemea programu hiyo kuwakamata wakosaji, na aliyetaka iruhusiwe aliitegemea kuwalinda waadilifu. Dai hilo nimelisikia katika vikao vya idara na katika semina za wahadhiri, na sasa limetoka vinywani mwa vijana ambao ndio watakaoumizwa nalo. Kwa kuwa teknolojia ya lugha ndiyo kazi yangu, ninaona ni wajibu wangu kulijibu kwa maandishi.

Modeli ya lugha, yaani mtambo unaoendesha programu kama ChatGPT, hukadiria, kwa kila hatua, uwezekano wa tokeni (neno au kipande cha neno) inayofuata, huchagua mojawapo, kisha huendelea. Ukiipa maneno «Haba na haba hujaza», karibu uwezekano wote utaangukia kwenye «kibaba». Ukiipa «Jana jioni shangazi alinunua», uwezekano utatawanyika kwenye samaki, mchele, kitenge, mafuta ya taa na mamia ya vitu vingine. Baadhi ya programu za mwanzo za utambuzi, ikiwemo GPTZero ya Januari 2023, ziliigeuza hesabu hiyo: husoma matini iliyokwisha kuandikwa, hupima kila neno lilitarajiwa kwa kiasi gani, na hutazama kama kiwango hicho hupanda na kushuka kati ya sentensi na sentensi au kimetulia mahali pamoja. Matini inayotabirika mno hutiwa alama kuwa ni ya mashine. Programu nyingine hufunzwa kwa mifano mingi ya maandishi ya watu na ya mashine, na zina nguvu zaidi, lakini nazo hupima sura ya maandishi. Hakuna hata moja iliyomwona mwandishi akiandika.

Sasa tujiulize ni binadamu gani huandika kwa namna inayotabirika. Ni yule anayeandika kwa lugha ambayo si yake. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na pengine nyumbani huzungumza Kihaya au Kigogo, hufika chuo kikuu na kutakiwa kuandika karibu kila kitu kwa Kiingereza. Anacho kifungu cha kufungulia aya alichofundishwa sekondari, anacho kifungu cha kuunganisha hoja, anacho cha kuhitimisha, na anavitumia kwa sababu ni salama: ana hakika havina makosa ya sarufi. Anachagua kitenzi cha kawaida kwa kuwa kile cha nadra kinaweza kumwangusha. Kwa kipimo nilichokieleza, huyo anafanana na mashine, na anafanana nayo kwa sababu ametii aliyofundishwa.

Jambo hili lina ushahidi uliochapishwa. Mwaka 2023 Weixin Liang, James Zou na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipitisha insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, katika programu saba za utambuzi. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 60 ya insha hizo zilitajwa kimakosa kuwa za mashine, ilhali insha za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani zilitambuliwa kwa usahihi karibu zote. Kisha watafiti waliiomba ChatGPT izirekebishe insha za TOEFL kwa kuzipa msamiati tajiri zaidi, na makosa hayo yakapungua sana. Ningependa kila mjumbe wa kamati ya nidhamu aisome sentensi hiyo tena: insha zilizoguswa na mashine zilionekana kuwa za binadamu kuliko zile zilizoandikwa na binadamu peke yake.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu, kwa sababu ndilo chimbuko la imani yote hii, ni kuchanganya ripoti ya ufanano na ripoti ya utambuzi. Kwa miaka mingi wahadhiri wamezoea ripoti ya ufanano, ambayo hulinganisha kazi ya mwanafunzi na makala, vitabu na kazi nyingine zilizohifadhiwa. Ripoti hiyo ikisema aya ya tatu ya sura ya pili inafanana na makala fulani, ninaweza kuifungua makala hiyo, kuiweka kando ya kazi ya mwanafunzi na kulinganisha mstari kwa mstari. Mwanafunzi naye anaweza kufanya vivyo hivyo na kunionyesha kwamba maneno yale yamo ndani ya alama za nukuu, au kwamba ni jina la sheria ambalo kila mtu hulitaja vilevile. Asilimia ya ripoti hiyo si muhimu sana, kwa sababu nyuma yake upo waraka, na waraka ndio ushahidi.

Ripoti ya utambuzi wa akili mnemba haina waraka nyuma yake. Inapoitia rangi aya ya tatu, haisemi imetoka wapi, kwa kuwa haijui. Hakuna cha kufungua, hakuna cha kuweka kando, na mwanafunzi anayekana hana kitu cha kukanusha isipokuwa namba. Hata hivyo ripoti hizo mbili huletwa na mfumo uleule, kwenye ukurasa unaofanana, kwa rangi zinazofanana na alama ileile ya asilimia, na mhadhiri mwenye kazi 200 za kusahihisha kabla ya Ijumaa huihamishia ripoti ya pili imani aliyoijenga kwa miaka mingi juu ya ile ya kwanza. Ninaielewa haraka yake, lakini siwezi kukubali matokeo yake. Mtu mzima anasimama mbele ya kamati na kumtaka kijana athibitishe kwamba sentensi zake ni zake, ilhali anayeshtaki hajathibitisha lolote.

Namba yenyewe nayo haisomwi inavyopaswa. Mmoja wa wanajopo alisimulia kwamba rafiki yake «alipata asilimia 84», na ukumbi ukaguna kana kwamba hukumu imesomwa. Katika baadhi ya programu, namba hiyo ni sehemu ya matini ambayo programu inaidhani kuwa ya mashine. Katika nyingine ni kiwango cha uhakika wa programu kuhusu matini nzima. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hakuna hata moja kati yake linalomaanisha kwamba kuna uwezekano wa asilimia 84 kuwa mwanafunzi huyo amedanganya. Uwezekano huo hutegemea pia ni wangapi darasani wanaotumia mashine, na programu haina habari hiyo.

Tuchukue takwimu za OpenAI wenyewe, watengenezaji wa ChatGPT. Januari 2023 walitoa programu yao ya utambuzi na kueleza kwamba iling'amua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na iliyatuhumu kimakosa asilimia 9 ya maandishi ya watu. Katika darasa la wanafunzi 200, tuseme 40 wametumia mashine na 160 hawakutumia. Programu hiyo ingewanasa takriban 10 kati ya wale 40, na ingewatuhumu takriban 14 kati ya wale 160. Waliotuhumiwa wasio na hatia wangekuwa wengi kuliko wenye hatia. Julai mwaka huohuo OpenAI waliiondoa programu hiyo kwa sababu ya usahihi wake mdogo. Zipo programu bora kuliko hiyo, na watengenezaji wa Turnitin, mfumo ambao vyuo vingi huutumia kukagua ufanano, walipotoa yao mwaka 2023 walisema kosa la namna hii halifiki asilimia 1. Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani kilipiga hesabu: kilikuwa kimepitisha kazi 75,000 katika mfumo huo mwaka 2022, na asilimia 1 ya kazi hizo, ambazo zingeweza kutuhumiwa kimakosa, ni 750. Agosti 2023 kilikizima kitambuzi hicho.

Wapo pia wanaoibandika insha ndani ya ChatGPT na kuiuliza, «Je, wewe ndiye uliyeiandika?» Hili nitalipita upesi. Programu hiyo haina daftari la mazungumzo ya watu wengine ambalo inaweza kulipekua, na jibu lake ni maneno yanayoelekea kulifuata swali, kama majibu yake mengine yote. Mei 2023 mwalimu mmoja wa chuo huko Texas alifanya hivyo, akaambiwa kazi ni za mashine, na matokeo ya darasa zima yakaingia kwenye mgogoro.

Upo upande wa hoja hii unaonisumbua, na nisingekuwa mkweli kama ningeuficha. Mwaka 2025 Jenna Russell, Marzena Karpinska na Mohit Iyyer walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaotumia modeli hizi kila mara katika uandishi wanaweza kuyatambua maandishi yake kwa usahihi mkubwa: uamuzi wa wengi kati ya wataalamu watano ulikosea makala moja tu kati ya 300. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba maandishi ya mashine hayana dalili. Yanazo, na mimi mwenyewe huzihisi ninaposahihisha, hasa pale aya tano zinapokuwa na umbo moja na hakuna hata moja inayotaja kitu tulichokizungumza darasani. Lakini makala za utafiti huo zilikuwa ndefu, za Kiingereza, na zenye viwango vya uandishi wa magazeti. Kazi ya kurasa mbili ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, iliyoandikwa kwa lugha yake ya tatu, ni kitu kingine, na sina hakika kwamba hisia zangu zinaweza kumtofautisha aliyeomba mashine imwandikie na aliyeiomba imsahihishie sarufi tu. Nina mashaka zaidi ninapokumbuka kwamba anayedanganya kwa uangalifu, akayapitisha maandishi kwenye programu ya kuyabadilisha mtindo na kuongeza makosa mawili matatu, huweza kuzipita programu nyingi za utambuzi, na anayebaki kunaswa mara nyingi ni mzembe pamoja na asiye na hatia.

Njia ninayoitumia sasa ni kumwita mwanafunzi anieleze kazi yake kwa mdomo: kwa nini alichagua sampuli ile, jedwali la pili linapingana vipi na aya inayolifuata, nini kingebadilika kama data zingekuwa za Mtwara badala ya Arusha. Mara nyingi ukweli hujitokeza mapema. Hata hivyo njia hii nayo ina dhuluma yake. Wapo wanafunzi ambao, wakishasema «Shikamoo mwalimu», hofu huwafunga ulimi hata kwa jambo wanalolijua vizuri, na katika darasa la watu 200 siwezi kumpa kila mmoja muda unaotosha. Kuomba rasimu za awali husaidia, lakini mwenye kuandika kwa simu usiku huku bando likimwishia hana historia nzuri ya rasimu ya kunionyesha. Ninazitumia njia hizi pamoja na kasoro zake kwa sababu zinaniachia mtu wa kuongea naye na kazi ya kuongelea.

Kwa wanafunzi walioniuliza baada ya mjadala wafanye nini wakiitwa kwa sababu ya asilimia, ushauri wangu ni huu. Ombeni kwa maandishi jina la programu na toleo lake, maana ya namba kama watengenezaji wenyewe wanavyoieleza, kiwango chao cha makosa walichotangaza, na iwapo urefu na lugha ya kazi yenu viko ndani ya mipaka waliyoiweka. Ulizeni ni ushahidi gani mwingine upo mbali na namba hiyo. Kisha ombeni kuulizwa maswali kuhusu kazi yenyewe, mbele ya mtu anayeifahamu mada, na mwende na vitabu mlivyovisoma, daftari lenu na rasimu yoyote mliyo nayo, hata kama ni nusu ukurasa ulioandikwa kwa kalamu ya risasi.